Mama Mkwe Nyuma ya Makofi

Bienvenu alipenda vitu viwili kupita kiasi: Grâce, na sauti inayotoka vizuri. Bahati mbaya, Ijumaa ile vyote viwili vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cha kichwa amekivua, anangoja kuvalishwa hedifoni.

Mtu huyo alikuwa Maman Mariette, mama yake Grâce, mwanzilishi wa kwaya ya kanisa lao pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mwimbaji wake wa mbele tangu siku ya kwanza. Jumapili wazee wa kina Bienvenu walikuwa waje kuposa, na wimbo mpya wa kwaya upigwe mbele ya wageni. Bienvenu ndiye aliyeurekodi, katika chumba chake cha mtaa wa Base Camp alichokibandika trei za mayai ukuta mzima kuzuia kelele. Maman Mariette alikuwa ametuma neno kwamba lazima ausikie kwanza yeye, na asiporidhika, wageni wakae kwao. Hakuwa mtu wa kutishia bure. Mchumba aliyemtangulia Bienvenu alipiga miayo katikati ya ubeti wa mama huyo, na hajaonekana tena uani pale.

Sasa, ubavuni mwa chumba kile kuna mashine ya kusaga mahindi. Ikinguruma, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Ndiyo maana Bienvenu alikwenda mpaka mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, akanunua hedifoni kubwa za kuchomeka kwenye kompyuta, zile zinazokuzungushia sauti pande zote, ukadhani umeketi katikati ya waimbaji. Muuzaji alimwapia kwamba atamsikia hata nzi yuko upande gani.

Alipozichomeka, kimya. Akachomoa, akapuliza tundu, akachomeka kwenye tundu jingine. Kimya, huku wimbo ukiendelea kutoka kwenye spika za zamani kana kwamba hakuna mgeni aliyefika. Kumbe kompyuta ilikuwa haijaambiwa. Alipoichagulia njia mpya ya sauti, hedifoni zikaamka, naye akafuta jasho akidhani kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza. Kwa desturi ya nyumbani kwao, mtu hamsogelei mama mkwe wake, hamtazami machoni, na kumgusa kichwa ndiyo usiseme. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Bienvenu aliketi kwenye kompyuta ameuelekea ukuta, Maman Mariette akaketi nyuma yake, na Grâce akasimama katikati, akibeba maneno na kunyoosha waya. Waya wenyewe ulikuwa mrefu kuliko heshima kwa shubiri moja tu.

Wimbo ukaanza. Maman Mariette akafumba macho, akatabasamu. Kisha akayafumbua, akageuza shingo kutazama nyuma. Hakukuwa na mtu, trei za mayai tu.

“Grâce,” akasema kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio, “muulize juu ya nini aliniweka ku nyuma. Mimi njo nilianzisha hii kwaya, na sasa niko naimbia batoto mu migongo.”

Grâce akaleta ujumbe, akajitahidi asicheke. Bienvenu alipoomba hedifoni asikilize, moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili. Ilikuwa kweli. Joël, mwimbaji wa besi, alikuwa mbele kulia, wasichana mbele kushoto, na mama mkwe wake alikuwa huko nyuma kabisa, pamoja na makofi na jogoo mmoja aliyepita siku ya kurekodi.

Akazima kile kiswichi cha kwenye waya kinachozungusha sauti. Waimbaji wote wakarundikana mahali pamoja. Maman Mariette akajibu, kupitia kwa Grâce, kwamba hawezi kubanwa fasi moja na watu walioingia kwaya Pasaka iliyopita. Kiswichi kikawashwa. Ndipo mama akapata akili yake mwenyewe: akainuka, akageuza kiti, akauelekea ukuta wa pili, ili nyuma pawe mbele. Sauti yake nayo ikageuka naye, ikabaki vilevile mgongoni. Akageuka tena kwa ghafla, labda aiwahi, na waya ukamzunguka kiunoni. Grâce akamfungua akiwa ameuma midomo.

Bienvenu akampigia simu muuzaji wa Kakoba.

“Sebo, bwana yangu, hiyo kitu iko sawa,” muuzaji akasema. “Wewe natoa, narudisha, nazima kompyuta, nawasha. Lakini huyo mama yeye nafanya nini huko nyuma?”

Alizima, akawasha. Mama hakusogea. Bienvenu aliogopa kweli sasa. Akilini alimwona Grâce akiolewa mbali huko Rugaaga na mtu asiyejua hata kufunga redio. Akaanza kunyamazisha sauti moja moja, akitafuta makofi na mama yake Grâce wana undugu gani. Akauona: mwangwi. Siku ya kurekodi Maman Mariette ndiye aliyedai mwangwi, uongezwe, uongezwe tena, hadi sauti yake ikawa kama inatoka kanisa kuu. Na hedifoni zile zilipangwa hivi: sauti kavu ni ya mtu aliye karibu, iwekwe mbele, sauti yenye mwangwi mwingi imedunda kwenye kuta za mbali, ipelekwe nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akauondoa mwangwi wote. Mwimbaji akaja mbele, puani kabisa. Maman Mariette akasikiliza. Mtu alihema kama anapandisha kilima na ndoo kichwani. Mtu aliwahi kuingia kabla ya wenzake, akapanda juu, akakosa, akatafuta njia ya kushuka.

“Huyu mama wa mbele ni nani?” akauliza. “Anaharibu wimbo. Mumurudishe ku nyuma.”

Grâce akamtazama Bienvenu. Bienvenu akautazama ukuta. Akarudisha mwangwi, na yule mama akarudi nyuma kwa makofi na jogoo, mkubwa, mtukufu.

Maman Mariette alisikiliza hadi mwisho. Akamwambia Grâce kwamba anayejua kuimba husikika hata akiwa nyuma, na wazee waje Jumapili. Kisha akamtuma nje akamtafutie maji. Walipobaki wawili, akavua hedifoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akasema naye moja kwa moja.

“Mukwe,” akasema polepole, “ule mama wa mbele, batu basimusikie hata siku moja.”

“Ndiyo, maman,” Bienvenu akajibu, macho chini, na akampenda sana.

Jioni Grâce alimuuliza ile sauti ya mbele ilikuwa ya nani. Akasema hakuitambua.