Chumvi Iliyolala Chini ya Pipa

Tuseme mapema, tusizungushane: siku ile mjinga alikuwa yeye. Walimwita Mkono wa Birika, maana kumtoa kitu mkononi kulikuwa sawa na kumng'oa jino.

Dada yake mkubwa alikuwa na karakana ya kuloweka ngozi mbichi kwenye maji ya chumvi zisioze. Chini ya pipa daima lilibaki tabaka la chumvi isiyoyeyuka, na Mkono wa Birika aliitazama kama mgeni asiyejua kuaga. Jana yake jioni, dada alipoondoka, aliikomba yote kwa beleshi, akairudisha gunini, akatumbukiza ngozi na kwenda kulala akijipongeza.

Asubuhi dada alifungua mlango, harufu mbaya ikamkunja uso.

"Umefanya nini?"

"Nimeokoa gunia zima, dada! Ile chumvi ilikuwa imelala tu."

Dada hakusubiri. Alichukua kiazi kibichi, akakitia pipani. Siku zote kilielea, ishara kwamba chumvi inatosha. Leo kilizama kama jiwe.

Alasiri mnunuzi mkubwa angekuja kukagua. Akikuta manyoya yananyofoka, dalili ya ngozi kuoza, angehamia kwa jirani, na karakana ingebaki na mapipa na mwangwi.

"Leta gunia! Kimbia, mdogo wangu!"

Akakimbia. Wakamwaga chumvi, wakakoroga kwa miti, jasho likidondoka pipani. "Usinitilie na la kwako," dada akasema, "lina chumvi kidogo mno."

"Lakini maji yalikuwa yameshiba!"

"Yalikuwa. Ngozi zikaanza kunywa chumvi na kutema maji yake. Maji yakishiba, punje zinazoyeyuka majini na zinazorudi chini zinakwenda kwa kasi moja, ndiyo maana macho yako yanaona usingizi. Huo ni msawazo. Ngozi ikichukua, nafasi inapatikana, na punje za chini zinaziba pengo. Wewe ulizifukuza!"

Wakakoroga. Kiazi kikatikisika, kikainuka kidogo, kikazama tena.

"Ongeza!"

Akaongeza bila hata kuhesabu viganja, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kiazi kikapanda taratibu, kikachomoza kipara chake juu ya maji.

"Kinapanda! Dada, kinapanda!" Aliruka hadi akapiga kichwa kwenye boriti, akacheka huku akijipapasa nundu. Akatupia tena kiganja, na kingine, apate kuona mwisho wake. Chumvi ikashuka kama mvua, ikatulia chini, haikuyeyuka hata punje.

"Imekataa!"

"Imejaa. Iache hapohapo."

Saa zile za kusubiri alizunguka pipa kama kuku anayetafuta pa kutaga, akichungulia, akikisemesha kiazi. Alasiri mnunuzi aliingia, akavuta manyoya ya ngozi ya kwanza. Kwenye ukingo yalitoka machache. Akavuta katikati: yakashika. Ya pili, ya tatu: yakashika.

"Ukingo wa ile moja nitaukata. Zilizobaki, nachukua zote."

Alipotoka, Mkono wa Birika alirusha kofia hewani. Kisha, tabia haina dawa, akachungulia pipani.

"Lakini dada, kweli, nusu tu tusingeitoa? Muda mwingi imekaa tu, haifanyi lolote."

Dada alimkabidhi beleshi.

"Ile hukaa chini, ikihitajika inaingia kazini bila kuitwa. Wewe je?"