Zimwi Lililolala Njaa

Mazoezi yalikwama kwenye ukurasa wa mwisho, na aliyeyakwamisha ni Tumbo, mwigizaji wetu wa zimwi, bonge la mtu mwenye moyo wa kifaranga.

"Dada, mbona mimi sili?" aliuliza. "Hadithi hii naijua tangu utotoni. Dada wawili wanakimbia, mdogo wao anayechechemea anabaki nyuma, zimwi linamla. Wewe umeandika anafika nyumbani wa kwanza!"

Wenzake wakadakia. Kila mmoja aliisikia kwa bibi yake, na kwa mabibi wote mtoto aliliwa. Binti mmoja akasema watazamaji watatuzomea, maana nani asiyeijua?

Mimi hasira zangu ziko karibu. "Nyie ndio mliosimuliwa vibaya! Kwetu anapita njia ya mkato, anawahi kuwafungulia dada zake mlango. Muulizeni mama."

Mama ndiye fundi wetu wa mavazi. Alikuwa amepiga magoti akipima pindo la vazi la Tumbo, pini mdomoni. Akazitoa moja moja, bila haraka.

"Analiwa," alisema.

Niliumbuka. "Mama!"

"Mama yangu alinisimulia hivyo, nami nikakusimulia hivyo hivyo, mara moja tu. Ndiyo kwanza ulikuwa umefunguliwa plasta, na mguu umegoma kunyooka. Ukaniuliza, 'Mama, huyo ni mimi?'" Akajifuta jicho kwa mkono wa gauni. "Ningekujibu nini, mwanangu? Nikasema subiri, hadithi haijaisha. Basi ikawa kila usiku unauliza kapita wapi, kafikaje. Mchana kutwa niko kwenye cherehani, kichwani namtafutia njia."

Miaka yote hiyo nilidhani hadithi ni ya watu wote, kumbe mama aliishona kwa kipimo changu. Nilimpenda mpaka kifua kikauma.

"Sasa umeshakua," akaendelea. "Irekebishe kama wenzako wanavyosema. Usije ukachekwa kwa ajili yangu."

Nilishika kalamu, nikashindwa hata kufuta neno moja. Nikamtazama Tumbo, maana mchezo bila zimwi hauchezeki, na yeye ndiye aliyelalamika.

Tumbo alikuwa amegeuka ukutani, anapenga kamasi. Kisha akapanda jukwaani, pindo lake likiburuzika, akasimama mahali pake.

"Jamani," alisema, "tuanzie pale ninapomkosa."