Simu Iliyoanikwa na Korosho

Na ile ya bluu ndiyo yenyewe, ya bluu haioneshi vumbi, au inaonesha, vumbi la Mpapura jekundu, linaonekana popote, hata kwenye meno ya mtu akicheka, sasa rangi ya nini tena, Sharifa, mwanamke mzima na mjukuu juu, umesimama kwenye kaunta ya watu mjini Mtwara unachagua rangi ya simu kama mwali anayechaguliwa kitenge... lakini nzuri jamani, tusidanganyane, imelala kwenye boksi lake imetandikiwa vizuri, na yule binti wa dukani, Witness, mtoto wa Mbeya mwenye maneno matamu kuliko bibo lililoiva, alikuwa hajapumua tangu waingie, mama yangu, hii kamera yake inasafisha sura, ukipiga video mtoto anakuona kama umekaa sebuleni kwake, betri siku mbili, waranti mwaka mzima, na Sharifa akaitikia eeh, eeh, jicho moja kwenye bluu, jicho la pili kule pembeni kwenye meza ya fundi Gideoni, ilikolala simu yake ya zamani, betri mpya imeshawekwa, imeshawashwa, na kwenye kioo chake chenye ufa hakuna kitu ila nembo, nembo tu, inamulika na kutulia, inamulika na kutulia. Tuisubiri, bibi, Gideoni alikuwa amesema, ikivuka hapo imepona, isipovuka hapo basi tena, akachanua viganja. Bibi! Huyu kamwita bibi, yule anamwita mama yangu, na siku nyingine angemkata jicho kijana wa watu, bibi yako nani hapa, lakini leo neno lenyewe lilimshuka kifuani tamu, mwite tena, mwanangu, mwite hivyo hivyo, bibi, bibi wa Salumu mdogo, maana kule Dodoma leo mtoto wa Asha anatimiza arobaini, anatolewa nje, anaoneshwa watu, na baada ya alasiri Asha atapiga video ili mama yake amwone mume wake, ndiyo, mume wake, mjukuu wa kiume si ndiye mume wa bibi yake, kapewa jina la babu na kapewa na mke wa babu, na babu mwenyewe, Salumu mkubwa, alikuwa ameegemea mlango wa duka anachokonoa meno, amenuna, au anajifanya kununa, tangu jana anasema ameletewa mwenzake nyumbani bila kuulizwa.

Na pindo la khanga lilikuwa linamuuma kiunoni. Pesa iliyofungwa humo ilikuwa ya kitu kimoja, ama simu hii ya bluu ama nauli ya kwenda Dodoma kumbeba mtoto, vyote viwili havitoki, alishaigeuza usiku kucha haikuzaa, ikitoka kwa simu ndiyo imetoka, Dodoma mpaka msimu ujao, na msimu ujao mtoto atakuwa anakimbia, atakuwa anamkimbia yeye, nani huyu bibi mwenye meno mekundu. Ya kumlipa Gideoni kwa betri ilikuwa ndogo, hiyo haikugusa nauli, kwa hiyo yote yalikuwa pale kwenye nembo, vuka basi, vuka, we simu, umeshapita makubwa kuliko haya... maana simu ile ilikuwa ya Asha mwenyewe, alimwachia mama yake siku anaolewa, ikawa inalala chini ya mto, ikifutwa kila asubuhi kwa upindo wa khanga, mpaka juzi hiyo Sharifa anakamua mabibo, mikono yote juisi, simu ikaita, akaibana kwa bega, akacheka, Asha alikuwa anasimulia namna mtoto anavyopiga chafya, akacheka zaidi, chubwi, ndani ya beseni. Sasa mtu mwingine angeikimbiza kwa fundi. Lakini baba Asha, baba Asha wa watu, alikuwa uani anaanika korosho, akasema leteni hapa, kwani kitu kilicholowa kinafanywaje, kinaanikwa, akailaza kwenye turubai katikati ya korosho, jua la Novemba linachoma, na hakuilaza tu, aliigeuza! Kila akizigeuza korosho na simu anaigeuza, mgongo juu, kioo juu, kwa upendo kabisa, na jioni akazoa vyote akatia kwenye gunia, akashona mdomo, akalipakia kwenye pikipiki kwenda chama cha msingi, na Sharifa nyumbani anatafuta simu uvunguni, jikoni, kwa kuku, kumbe simu iko ghalani inasubiri mnada. Yule mpimaji kuchomoa sampuli, anachomoa simu. Akaiinua juu mbele ya wakulima wote, akauliza, mzee Salumu, na hii tuiweke daraja la kwanza au la pili? Lo! Sharifa alijikuta anacheka peke yake pale kaunta, Witness naye akacheka bila kujua anacheka nini, akadhani bluu imeshakubaliwa, akaanza kutafuta kava. Ilirudi na tumbo limevimba, betri imefura, na Salumu akaishika mikononi akasema kwa sauti ndogo, mama Asha, mie nilidhani nasaidia. Angemgombeza vipi mtu wa hivyo?

Mama, kama hela haijakaa sawa tuna utaratibu, Witness alikuwa amehamia kwingine, unatanguliza kidogo unaondoka nayo leo leo, unakuwa unalipa kidogo kidogo... Aka, hiyo hapana, hiyo anaijua, si ndiyo ya jirani yake Sabra, aliichukua kwa mbwembwe kijiji kizima kikaenda kuishika, akachelewesha malipo kidogo tu ikajifunga yenyewe, tena katikati ya maneno, Sabra anaongea na mkwewe, shikamoo mama, za huko, na kimya, mkwe mpaka leo anadhani alikatiwa kwa dharau. Kitu kiko mkononi mwako halafu mwenye funguo yuko mahali hujui. Hapana. Na zile zilizokwisha tumika, zimejipanga kioo cha chini, mbona nazo zinang'aa, Salumu alisema asubuhi wakati wa kutoka, nunua hata iliyotumika, nunua yoyote, yaishe, na mie Dodoma siendi, niende nikafanye nini, samaki wa huko wa barafu, upepo unapasua midomo, nikakae kwenye kochi la wakwe nioneshwe televisheni! Ndivyo alivyosema. Na walipofika stendi akapotea, nakwenda kununua kamba ya kufungia magunia, akamwacha Sharifa juani kasimama na kikapu, akarudi mikono mitupu, kamba iko wapi, hazikuwa nzuri, kamba haikuwa nzuri, kamba ina uzuri gani, mzee huyu naye siku hizi... Lakini wakwe ndio hasa waliompeleka macho kwenye bluu, aseme ukweli, wakwe wa Dodoma wana simu kubwa kama sinia, mara ya mwisho kwenye kioo kile chenye ufa yule mama mkwe wa Asha alimwambia, dada, huonekani vizuri, uko gizani? Na yeye alikuwa juani! Uani, saa sita, jua la utosi! Ndipo alipojiapiza atanunua simu itakayomwonesha meno hadi la mwisho, na Asha naye akadakia, nunua mpya mama, usijibane.

Jaribu kuishika, mama yangu, Witness akamwekea mkononi, na kweli, nyepesi, laini, baridi, akajiona humo ndani, kamera imesafisha kila kitu, mikunjo imekwenda, kovu la moto wa kubangua korosho limekwenda, mwanamke mmoja mzuri sana asiyemjua anamwangalia, akamnyooshea kidole, yule naye akanyoosha. Kioo hakikuwa na harufu ya kitu chochote. Sijui kwa nini hilo ndilo lililomjia, harufu, akaisogeza simu puani, Witness akashangaa, mama yangu haina harufu mbaya, mpya kabisa, na Sharifa akasema najua, mwanangu, huku mawazo yamekwenda siku aliyozaliwa Asha mwenyewe, mvua kubwa, barabara zimekatika, na mama yake mzazi akatoka kwao Mahurunga, kule mto Ruvuma unakokaribia kumwagika baharini, kipande kwa miguu, kipande juu ya lori la mihogo, akaingia uani Mpapura na kuku kwapani, tope mpaka magotini, watu wanamsalimu hajibu, akanawa mikono, akamchukua mtoto, akamwekea pua utosini, akavuta pumzi ndefu, kisha akasema, huyu wetu. Basi. Ndipo akajibu salamu za watu. Na Sharifa amelala pale kitandani, amechoka, anaogopa, hajui hata mtoto anashikwaje, akasikia mwili wote umelegea kwa raha, kwa sababu mama amefika, amenusa, amesema. Sasa Asha naye kalala kule na kichanga chake, anasema nunua simu mama usijibane, na sauti yake ile ya kujikaza, kwani hamjui mwanawe, sauti ile ile aliyokuwa nayo utotoni, akianguka akisema sijaumia, anasema nunua simu kwa kuwa haoni haya kuomba simu, kuomba mama njoo ndiko anakoona haya. Jamani! Na yeye hapa anapigania kuonekana meno! Kicheko kikamtoka tena, kikubwa, cha tumboni, na machozi kidogo pembeni, ya raha, wala hakuyafuta. Nembo ikivuka atamwona leo, isipovuka atamsikia tu kwenye kile kisimu cha batani cha Salumu chenye tochi, chafya ni chafya, inasikika, na pua haijawahi kupita kwenye simu yoyote, ya bluu wala iliyoanikwa, pua inapanda basi.

Binti yangu, akamwambia Witness, ifunike hiyo isije ikaingia vumbi, na Mungu akupe mteja wa kuilipa, umeongea vizuri mno, siku nikitaka nitakuja kwako. Witness akaguna, akaanza kuirudisha kwenye boksi taratibu, na Sharifa akashika pindo la khanga kwa mkono mzima, akageukia mlangoni, na hapo tu ndipo alipokumbuka, sasa lazima amwambie mzee, na mzee alishasema haendi, atabaki na kuku na mbuzi na uso wake ule.

Baba Asha, akasema, hivi basi la Dodoma linaondoka saa ngapi?

Salumu hakugeuka. Alitoa kijiti mdomoni, akakiangalia, akakirudisha. Saa kumi na moja alfajiri, alisema. Nimewaambia watushikie viti viwili, cha dirishani chako. Changu nalipa mwenyewe. Siwezi kukuacha uende peke yako kwa mume mwenzangu.

Kamba! Loo, mzee huyu, kamba haikuwa nzuri! Sharifa akajishika mdomo, akaona bega la mumewe linatikisika pale mlangoni, anacheka, mwongo mkubwa, anacheka na barabara. Kule mezani Gideoni aliinama, akatikisa kichwa. Bado, bibi, akasema, imeganda pale pale. Haina neno, mwanangu, akajibu Sharifa, ichukue muda wake, sisi safari yetu kesho.