Leseni Iliyo Hai

Semina ilianza kwa kuchelewa kwa sababu chai ilichelewa. Ukumbi ulikuwa Nguvumali, Tanga mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na wauguzi wa pwani nzima ile walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na chupa yake ya maji mapajani. Mada ilikuwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Wachache walikuja kwa ajili ya mada. Wengi walifuata pointi, maana muuguzi asiyekusanya pointi za mafunzo hahuishiwi leseni, na asiye na leseni haruhusiwi kumgusa mgonjwa.

Mwezeshaji akaanza kuita majina. Wauguzi hao wana mazoea yao, na mazoea yana taabu: mwenzio asipofika, unamwitikia wewe. Wala husemi "yupo" peke yake, unaongeza kidogo ili uongo usiwe mkavu. Lilipoitwa jina la Yudith, Sabra wa hospitali ya mjini alijibu bila kuinua macho kwenye simu. Yeye na Yudith walikuwa wakiitikiana hivyo kwa miaka.

"Yupo, katoka nje kidogo."

Yudith alikuwa amezikwa Amani, milimani kwenye mashamba ya iliki, tangu masika. Sabra mwenyewe alikwenda mazikoni, akalia mpaka akashikwa mikono. Ulimi ndio uliosahau. Kabla hajajirekebisha mlango ulifunguliwa, Yudith akaingia na sare yake nyeupe, akafuta viatu vyenye udongo mwekundu kizingitini, akaomba radhi kwa kuchelewa, akakaa kiti cha nyuma. Mwezeshaji akamwekea alama na kuita jina lililofuata.

Tangu siku hiyo Yudith hakukosa semina. Hakugusa chai wala sambusa, hakuchezea simu, hakutoroka saa nane kumfuata mtoto shuleni. Wawezeshaji walimpenda mno. Waliokaa karibu naye walisema ananukia iliki na udongo uliolowa, na kwamba upande ule hewa ni ya baridi. Hilo halikumuudhi mtu. Tanga kuna joto.

Aliyekuwa akizikosa semina ni Mwanasiti. Huyu alifanya kazi na Yudith miaka mingi katika zahanati ya kijiji kimoja juu kidogo ya Maramba, na Yudith alipofariki hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Mwanasiti akabaki peke yake na chumba cha kuzalishia. Mara moja tu alifunga mlango akaenda Tanga kutafuta pointi, na siku hiyohiyo mwanamke mmoja akajifungulia njiani, kwenye majani, mvua inamnyeshea. Hakwenda tena. Aliambiwa yapo mafunzo ya kwenye simu, akawa anapanda kilimani kutafuta mtandao, lakini ukurasa ukianza kufunguka tu, alikuwa anasikia anaitwa kule chini. Unamwacha mwenye uchungu usome somo la uchungu? Mimi namtetea, na anayetaka kuudhika na audhike.

Mwaka ulipokaribia kwisha, binti yake Semeni alirudi nyumbani na mimba ya kwanza. Ndiyo desturi: mimba ya kwanza huletwa kwa mama. Semeni alikuwa mwoga wa kila kitu, hata wa sindano, na alikubali kuzaa kwa sharti moja tu, kwamba atakayempokea mtoto ni mama yake. Mwanasiti alimwahidi. Alikuwa amepokea nusu ya kijiji, angeshindwaje na mjukuu wake?

Wiki iliyofuata alikuja Fanueli, afisa wa leseni, kijana mpole mwenye kishikwambi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, leseni yako imekufa."

"Imekufaje, na mwenyewe si huyu nimesimama mbele yako?"

"Wewe u mzima, mama, hakuna anayebisha. Iliyokufa ni leseni. Ya dada Yudith ndiyo iko hai, na pointi zake zinafika hadi mwaka wa mbele. Tumempanga arudi hapa."

"Fanueli, Yudith tulimzika. Udongo niliutia kwa mkono wangu huu."

"Poleni sana," alisema Fanueli, na alimaanisha. "Ila mfumo hauulizi kama mtu yu hai. Unauliza kama leseni iko hai."

Maiti haulizwi sanda, walisema wahenga. Pointi hawakuzitaja.

Yudith alifika kesho yake asubuhi, ameteremka kwa miguu kutoka Amani. Mwanasiti alimkumbatia, maana alimpenda na alikuwa amemkosa. Mwili wa mwenzake ulikuwa wa baridi mpaka ndani ya nguo. Walikaa kwenye benchi la wagonjwa, wakaulizana habari za nyumbani.

"Nigaie pointi, dada," Mwanasiti alisema. "Wewe za nini?"

"Zingekuwa unga ningekupimia. Zina jina langu."

"Basi nitamzalisha mwanangu kimyakimya, wewe ugeuze uso."

Yudith alitikisa kichwa. "Ningekuwa hai ningegeuza. Siku hizi siwezi kuficha neno. Ukimgusa nitasema, watakupeleka mahakamani. Nisamehe."

Alikuwa mkunga mzuri, na huko semina alikuwa ameongeza mengi. Hakukosea kitu. Mikono yake tu ndiyo haikuwa na joto. Mtoto wa kwanza aliyempokea alizaliwa mzima, akapumua, akanyonya, ila hakulia. Wa pili hakulia, wala waliofuata. Walifumbua macho wakatazama dari. Wazazi mwanzoni walijisifu kwamba wamepata watoto watulivu. Baadaye wakaacha kujisifu. Wakawa wanaacha jembe shambani na kurudi nyumbani kuangalia kama mtoto bado anapumua, na kila mara wakamkuta anapumua, macho wazi, anawangoja. Kijiji kilijaa watoto wachanga na kilikuwa kimya kabisa. Kuku walisikika kuliko zamani.

Mwanasiti alimpigia Fanueli simu kumweleza.

"Wanakufa?" aliuliza Fanueli.

"Hawafi."

"Wana homa?"

"Hata kidogo. Ni wa baridi."

"Basi tunamshukuru Mungu, mama. Wilaya nzima hakuna zahanati yenye sifa kama yenu."

Semeni alishikwa na uchungu mchana, jua kali. Sheria ndogo ya kijiji inakataza kuzalia nyumbani, na mwenyekiti alikuwa jirani yao, kwa hiyo walikwenda zahanati, Mwanasiti amembebea beseni na kanga. Mlangoni ikabidi asimame. Semeni akang'ang'ania ushungi wa mama yake.

"Mama, uliniahidi."

"Niko hapa, mwanangu. Sikuachi."

"Hapo mlangoni? Uliniahidi mikono yako!"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mwanasiti siku hiyo alikuwa na uchungu mara mbili. Akachemsha maji mwenyewe, akayatia kwenye beseni, akamwita Yudith kizingitini. Yudith hakuwa mgonjwa. Kumgusa yeye hakukuhitaji leseni. Mwanasiti akaizamisha mikono yake majini, akaifikicha, akaipulizia pumzi, akaibana kwapani pake kama mtu anayemtunza kifaranga. Yudith alimwachia, ameinamisha kichwa kwa haya. Maji yalipoa. Mikono ilibaki vilevile.

"Inatosha, dada," alisema Yudith. "Yuaja."

Mtoto alikuwa wa kike. Yudith alimkausha vizuri, akamsugua mgongo, akamlaza kifuani kwa mama yake, yote kwa utaratibu wake. Mtoto akavuta pumzi, akafumbua macho.

"Mama," Semeni aliita, "mbona halii?"

Mwanasiti aliyaona yote kutoka mlangoni. Mikono yake ilijua la kufanya, ikainuka yenyewe, akairudisha kwa nguvu.

"Mama, mwambie alie!"

"Mpe titi, mwanangu. Mfunike."

"Ni wa baridi, mama."

Yudith akamchukua mtoto, akamleta mlangoni. Alisema sasa bibi anaweza kumpokea, maana mtoto mzima si mgonjwa. Mwanasiti akampokea, akamzungushia kanga, akaongeza ya pili, akamkumbatia juani. Mtoto alimtazama kwa utulivu, kama mtu mzima anayesubiri zamu yake. Hapo Mwanasiti akashindwa. Akalia kwa sauti, akalia kilio kirefu cha kuvunja kifua, mpaka wanawake waliokuwa shambani wakasimama wakatega masikio, na mmoja, akidhani ni mtoto analia, akapiga kigelegele.

Yudith aliangalia saa ya ukutani. Akachukua kalamu, akaandika kwamba mtoto amezaliwa salama na kilio kimesikika.