Unyayo wa Kuku Kwenye Upindo

Ulianza mlio. Kitambaa kilikung'utwa hewani mara mbili, pap, pap, mahali fulani nyuma ya ua wa mianzi, na Mama Povu akasimama katikati ya njia kama mtu aliyesikia jina lake.

"Pamba," alisema. "Tena nzito. Hiyo haijafuliwa na mvivu."

Mwanawe na mchumba wake walitazamana, wakacheka. Tangu alasiri walikuwa wakizunguka ukingo wa maji kutafuta mahali pa kula. Kesho asubuhi wangepanda basi kurudi kwao, mwendo wa siku nzima, na kijana alikuwa ameapa kwamba jioni ya mwisho mama yake ndiye atakayechagua. Ilikuwa likizo ya kwanza ya Mama Povu maishani. Siku tano mfululizo aliamka alfajiri akitafuta cha kufanya, akaishia kufua taulo za nyumba ya wageni, mpaka mwenye nyumba akamwomba kwa upole aache kuwanyang'anya watu kazi.

Kila mmoja alikuwa na kipimo chake. Kijana alikuwa afisa afya kule kwao, kazi yake kukagua mikahawa, na ingawa alidai yuko likizoni, kila walipoingia miguu ilimpeleka kwenye mfereji wa maji machafu kabla hajatazama meza. Mchumba wake, ambaye wote wawili walimwita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yake, alitaka tu kukaa karibu na maji kiasi cha kuyasikia yakinong'ona. Mama Povu alitazama vitambaa vya meza. Mkahawa wa kwanza ulitandika plastiki iliyochorwa matunda. Akasema hiyo hupanguswa, haifuliwi, akapita. Wa pili ulikuwa na vitambaa vyeupe, lakini alivikazia macho kutoka mlangoni akatikisa kichwa. Nili ya kung'arishia imewazidi, alisema, wanaficha umanjano. Mwalimu alicheka hadi akaegemea ukuta.

Sasa alisukuma lango la mianzi bila kubisha.

Mwanamke mnene wa umri wake alikuwa akitandika meza ya mwisho. Meza zilikuwa tisa, hatua chache kutoka majini, na juu ya kila moja kitambaa cheupe kilichonyooka kama karatasi ambayo haijaandikwa. Mama Povu alishika kimoja, akakisugua kwa vidole vilivyoliwa na magadi hadi kucha zikabaki vipande. Akakinusa. Jua na sabuni ya mche, basi.

"Hapa," alisema. "Anayefua hivi, hata sufuria zake hazina siri."

Afisa afya alichungulia jikoni, akarudi akasema hana neno. Mwalimu alichagua meza ya ukingoni. Mama Povu akaketi, mgongo wima, na fahari ambayo hakuionja tangu astaafu ikampanda taratibu. Miaka ishirini na sita alikuwa dobi wa hospitali. Mvuke, mapipa, mashuka, povu hadi viwikoni. Hata jina alilopewa na mama yake lilizama humo likaibuka hili. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza anaonaje kuhusu jambo lolote. Leo neno lake ndilo lililowaketisha watu.

Mwenye mkahawa alikuja kuwauliza watakula nini. Wakaagiza supu, samaki wa kuchoma na wali. Kabla hajageuka, Mama Povu alimsifia mkono wake, akamwambia hajaona weupe kama ule tangu aache kazi.

Yule mwanamke aliona haya kama msichana. "Mimi naendeleza tu, dada yangu. Nilivinunua kwa mchuuzi mmoja, huu mwaka wa nne. Akaniambia vimetoka ukumbi mkubwa wa harusi. Vilikuwa vyeupe hivihivi. Fundi ni huyo aliyevifua mwanzo."

Akaenda zake, anatabasamu.

Ukumbi mkubwa wa harusi. Mikono ya Mama Povu ikateremka chini ya meza yenyewe, ikaufuata upindo, polepole, mpaka kwenye pembe. Vidole vilijua kabla yake. Mishono mitatu iliyotawanyika kutoka nukta moja. Aliinua pembe kidogo tu, akachungulia. Uzi ulikuwa mweusi.

Kule hospitali wino haukudumu kwenye maji ya kuchemka, kwa hiyo mashuka yalitiwa alama kwa uzi. Bluu ni wodi ya wazazi, kijani ya watoto, nyekundu chumba cha upasuaji. Nyeusi ni mochwari. Na kila dobi alikuwa na mshono wake, ili shuka likirudi na doa ajulikane wa kufokewa. Wa kwake ulikuwa unyayo wa kuku. Ya mochwari aliyafua yeye peke yake, wenzake waliyakwepa. Alikuwa akiwatania kwamba wao wanafulia watu wa kunung'unika, yeye ana wateja wasiolalamika.

Kila mwisho wa mwaka mashuka ya uzi mweusi yalitakiwa kuchomwa katika tanuri la nyuma, hata yakiwa mazima. Yeye ndiye aliyetia sahihi kwamba yamechomwa. Na yeye ndiye aliyeyapitisha kwenye geti la nyuma, yamefungwa ndani ya khanga yake, kwa mchuuzi asiyeuliza maswali. Aliyachemsha mara tatu kwanza. Hilo alijiambia kila mwaka, mara tatu, mara tatu, kama dua. Nyumbani aliyafumua alama chini ya taa ileile ambayo mwanawe aliisomea. Mwaka wa mwisho wa masomo ya kijana ada ilidaiwa ghafla, mchuuzi akawa na haraka, na alama hazikufumuliwa. Mchuuzi aliuliza mara moja tu yametoka wapi. Ukumbi mkubwa wa harusi, alijibu. Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Yalisafiri siku nzima ya basi, yakamsubiri hapa miaka minne, yakamwandalia meza.

Supu ikaja, na samaki na wali. Mwalimu akaweka kijiko juu ya kitambaa, akakichukua, akakitia kinywani. Mama Povu alikifuata kijiko kile kwa macho. Akaona kipande cha samaki kikianguka kutoka sahani ya mwanawe, akaona mwanawe akikiokota pale kilipoangukia na kukila, yeye ambaye hakuokota chochote popote. Alipoulizwa mbona hali, alijibu kwamba ameshiba kwa macho. Wakacheka. Akacheka nao.

Kisha kijana aliweka kijiko chini, akakohoa. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Alisema kuwa baada ya miezi mitatu ataoa, na kabla ya siku hiyo alitaka Mwalimu asikie jambo moja mbele ya mama. Alizungumza kuhusu mikono. Kwamba alikua akiitazama ikipasuka na kupona na kupasuka tena. Kwamba akifunga mkahawa mchafu na mwenye mkahawa akaja na bahasha, huikumbuka mikono ile, bahasha inarudi ilikotoka.

"Mama yangu hajawahi kugusa kitu kisichokuwa chake," alisema. "Sikuambiwa na mtu. Nimeishi ndani ya nyumba yake."

Macho ya Mwalimu yalijaa. Akatafuta leso, hakuipata, akavuta pembe ya kitambaa cha meza na kuiinua kuelekea usoni.

Mama Povu aliruka. Alikinyakua kitambaa kwa nguvu za miaka ishirini na sita ya kukamua, na bakuli likapinduka, supu ikatapakaa meza nzima hadi kwenye gauni la Mwalimu. Watu wa meza nyingine waligeuka. Supu ikadondoka kwenye mbao.

"Mama, una nini?"

"Mdudu," alisema. Ndilo neno lililokuwa karibu. "Nimeona mdudu."

Mwenye mkahawa alikuwa ameshafika, amesikia. "Mdudu? Kwangu?" Aliuliza kwa sauti ndogo, akizitazama meza zake moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu watoto. Uso wa kijana ulikwisha badilika. Ulikuwa umevaa kazi. Aliinama, akakagua chini ya meza, akauliza kitambaa hiki kilifuliwa lini na maji yanatoka wapi, na yule mwanamke akaanza kujibu huku amekunja mikono mbele ya aproni, mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Meza ya jirani, mtu mmoja alisukuma sahani yake mbele.

Mama Povu aliyaona yote hayo. Alikuwa ameiba mashuka, na sasa alikuwa akiiba jina la mwanamke ambaye kosa lake lote ni kumwamini mchuuzi na kufua vizuri.

"Hapakuwa na mdudu," alisema, na akasema kwa nguvu, mpaka yule wa sahani akasikia. "Mwacheni. Nimekosea mimi. Kitambaa hiki ni safi, dada, hakuna kilicho safi kuliko hiki mjini hapa. Nionyeshe maji yalipo, nikifue mwenyewe."

Walijaribu kumzuia. Mwalimu alimshika bega, akamwambia gauni si kitu, mama akae, labda amechoka. Upole ule ulimuunguza kuliko karipio. Alikwisha kukivuta kitambaa na kukikunja kifuani.

Nyuma ya jiko palikuwa na karo la saruji na bomba, na kamba zilizokingwa na ua wa mianzi. Jua lilikuwa limekaribia maji, likapitisha mistari myekundu kati ya mianzi hadi kwenye povu. Alifua kwa magumi, haraka, supu ikatoka kirahisi. Aliendelea kufua baada ya supu kutoka. Alifika kwenye pembe, akaubana unyayo kwa kucha, akavuta. Haukufumuka. Alikuwa dobi mzuri. Mishono yake haikufumuka kwa kucha.

"Unafua mpaka kitoboke?"

Kijana alikuwa amesimama nyuma yake, amekunja mikono ya shati. Hakungoja jibu. Alishika ncha moja ya kitambaa na kurudi nyuma hatua tatu, kama alivyokuwa akifanya tangu ana miaka sita, yeye kulia, mama kushoto. Wakaanza kusokota. Maji yakatiririka miguuni mwao. Kwa kitambo walikuwa watu wawili wanaofanya kazi wanayoijua, na Mama Povu alitamani kitambaa kile kisiwe na mwisho wa maji.

Mikono ya kijana ikasimama. Kidole gumba kilikuwa kimekuta kitu. Alikisogeza kitambaa kwenye mstari wa jua.

"Mama," alisema taratibu. "Huu si unyayo wa kuku? Ule wa kola yangu?"

Alikuwa ameushona kwa uzi mweupe kwenye kila shati lake la shule, kwa sababu watoto huchanganyiwa nguo. Kijana aliutazama mshono, akamtazama mama yake, na uso wake ukafunguka.

"Hivi ulivifua wewe. Mama, tangu alasiri umezunguka ukitafuta, ukaja kuuchagua mkono wako mwenyewe." Alicheka kwa raha. "Ngoja nimwite Mwalimu. Na yule mama, lazima naye aone."

Akageuka, kitambaa bado mkononi. Mvuto wake ulimfikia Mama Povu upande wa pili, kama mtoto anayevuta nguo ya mamaye. Angeweza kuachia. Angecheka, angeitwa fundi mbele ya watu, angepigiwa makofi katika mkahawa aliouchagua yeye, na kesho basi lingewarudisha kwao.

Hakuachia. Alisokota upande wake mara moja zaidi, na kijana, kwa mazoea tu, akasimama na kusokota wake.

"Usimwite kwanza," alisema. "Kamua, mwanangu. Tone la mwisho likidondoka nitakwambia uzi mweusi ni wa chumba gani, halafu nitakwenda kumwambia huyu mama, na nakuahidi, sitaruka neno hata moja."