Ngazi ya Arobaini na Moja

...arobaini, arobaini na moja, na hapo ndipo anapoisikia tena, ting! pete ikigonga chuma cha kushikilia pembeni mwa ngazi, nyuma yake, kama marehemu mumewe alivyokuwa akigonga kila baada ya ngazi kumi ili mke asipoteze hesabu, ila pete ile sasa anayo yeye, kwenye kidole gumba, na mkono wake uko kiunoni, haujagusa chuma chochote... "Mama! Dakika ya tatu hiyo!" binti yake anaita kutoka juu, ghorofa ya tano, simu mkononi, maana wamekubaliana, akifika kabla ya dakika tano bila kukaa chini atabaki nyumbani kwake, akishindwa anahamia kwa binti, chumba cha chini, dirisha linatazama ukuta, apangiwe hata saa ya kuoga kama mtoto, ati mama, miaka sabini na sita, utapanda ngazi mpaka lini, mpaka nife, mwanangu, kisichotumika huota kutu, maneno ya mwalimu hayo, mumewe, mwalimu wa michezo aliyestaafu filimbi ikabaki shingoni, kila asubuhi akimpandisha ngazi hizi themanini, goti juu bibie, usitazame nyuma utayumba, mimi nipo, ukianguka unaniangukia mimi... kwi, kwi, raba ya kushoto inalia, loo, labda ni jirani, lakini jirani angekohoa, angesalimia, na raba inayolia hivyo ni moja tu, ya mwalimu, nayo iko kwenye boksi chini ya kitanda, aliifunga kamba yeye mwenyewe... kisogo kinamsisimka, ageuke? asigeuke? siku ile hakugeuka, mwanamke mtiifu, pete iligonga arobaini, hamsini haikugonga, akadhani mzee anamtania, mtani mkubwa yule, akasonga, sitini, sabini, themanini, akafika juu anacheka, leo nimekushinda! na alipotazama chini alimwona amekaa hapa, hapa hapa, mgongo ukutani, filimbi mdomoni, maskini, hata pumzi ya kuipuliza hakuwa nayo... na binti akaambiwa mama alimshika mkono mpaka mwisho, uongo mtupu, hakushika mkono, alikuwa anahesabu... "Mama, umesimama? Mbona sisikii hatua?" "Nakuja, mwanangu," sauti inamtoka kavu, na majirani humsifu, bibi ana mapafu ya chuma huyu, wangejua, mwaka mzima anapanda mbio mbio hivi, kumbe si afya inayompandisha, anamkimbia mtu, anamkimbia mume wake mwenyewe, jamani, aliyekaa nyuma miaka yote ili amdake... kwi, baridi inamgusa shingoni, ngazi moja tu kati yao, mguu haujanyanyuka, bado ni arobaini na moja, "Dakika ya nne, Mama!" dakika ziishe tu, dirisha na litazame ukuta, ila mbele hatangulii tena... anajibanza ukutani, upande wa chuma anauacha wazi, macho kafumba, "Pita, mwalimu," ananong'ona, "ukianguka leo, utaniangukia mimi," na kitu baridi kinampita begani polepole, raba ikilia upande wa kushoto, hatua kwa hatua, naye anahesabu, arobaini na mbili, arobaini na tatu, mpaka chuma kinagongwa, ting, mbele yake, kwenye ngazi ya hamsini.