Matundu Mawili ya Mwongeli

Mzee Musembi alibisha kwa nyundo, maana siku hizo za ghasia pale mtaani Kawangware sauti ya mtu haikutosha kufunguliwa mlango. Bintiye Mwongeli akamfungulia. Ndani, kila upenyo wa mabati ulikuwa umeshindiliwa matambara yenye maji kuzuia teargas, gesi ya machozi ya askari. Jiko la makaa lilikuwa jekundu katikati ya chumba. Mjukuu wake alilala kitandani, ngumi amefumba.

"Nimekuja kukata tundu."

"Zii, baba. Hapo ndipo teargas itapitia. Na jiko nimeliwasha nje mpaka moshi ukaisha. Liko sawa."

Moshi ukaisha. Hata mkewe, Kavindu, aliungoja uishe, kule mtaa wa Lindi, jijini humu humu, Januari ya mwaka huo huo, wakubwa wakigombania kiti cha urais na askari wakikimbiza watu vichochoroni. Akaziba kila mahali, akaingiza jiko, akateleka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Musembi alimkuta amejilaza, mashavu yana rangi kama ya bibi harusi, na sufuria ikitokota polepole, kana kwamba inamngoja aamke; sumu ya makaa, isiyo na moshi wala harufu, ilikuwa imeshamuua. Tangu hapo, chumba chochote kilichofungwa kilimnukia mahindi yale, naye alikanyaga taratibu asije akamwamsha.

"Kichwa kinakuuma?" aliuliza.

"Kidogo. Ni hofu tu."

"Mamako alimwambia jirani maneno hayo hayo."

Mwongeli alimtazama mtoto. Kisha akalishika jiko, akalitoa nje.

Musembi akakata tundu moja juu, karibu na paa, na lingine chini, kando ya mlango. Akayafunika kwa wavu ili jiwe au kopo la teargas lisipite. Akapanga matofali mbali na kitanda na pazia, jiko likakaa juu yake.

"Ukilala, nalo lilale nje. Hata kama ni baridi."

Upepo ukaingia chini, ukapanda bila haraka, ukaligusa pazia kama mtu anayepita kwenda zake. Mtoto akafumbua ngumi.

Mwongeli alikuwa akichemsha chai redio ya jirani iliposema wakubwa wamepeana mikono.

"Umesikia, baba? Wamepatana."

"Si wangepatana Januari," alisema Musembi. "Walikuwa wanangoja nini?"

Akaanza kung'oa matambara. La mwisho lilikuwa kipande cha leso ya Kavindu. Akalikamua, akatoka kulianika juani.